Mwanya wa Kidole Kimoja

Kuna watu wakiingia nyumba ya mtu hutazama picha za ukutani, na wengine hunusa kwanza jikoni kuna nini. Gonia hutazama kona. Akishasalimia na kukaribishwa kiti, macho yake hupanda taratibu kutoka sakafuni hadi darini, pale kuta mbili zinapokutana, na uso wake huwa kama wa daktari aliyeshika majibu ya mgonjwa ambaye bado anacheka. Hasemi kitu. Ameshagundua kwamba watu huvumilia kuambiwa mtoto wao ni mtundu kuliko kuambiwa ukuta wao umepinda.

Jina lake la kuzaliwa linajulikana na mama yake na ofisi ya vitambulisho. Wengine wote humwita Gonia, kwa ajili ya kile kipimo cha chuma chenye pembe kamili kinachokaa mfuko wa nyuma wa suruali yake. Kimekaa hapo miaka mingi kiasi kwamba hata suruali yake ya kwendea harusini ina alama ya pembe. Kazi yake ni kufunga makabati: ya jikoni, ya vyumbani, pamoja na rafu, fremu za milango na zile mbao nyembamba za chini zinazoficha mahali ambapo sakafu na ukuta havikuelewana. Ingekuwa kazi nyepesi kama nyumba zingejengwa zilivyochorwa. Kwenye karatasi kila kona ni ya mraba. Kwenye nyumba zenyewe, katika miaka ishirini na miwili, Gonia amekutana na kona za mraba nne tu, na moja ilikuwa ya banda la kuku.

Kwa hiyo kazi yake hasa ni kuficha. Ubavu wa kabati huuacha mpana kidogo kuliko unavyotakiwa. Hulisimamisha kabati wima kabisa, hulisogeza mpaka liguse ukuta popote litakapogusa, kisha huchukua kijiti cha mbao, hukifunga penseli, na kukiburuta ukutani kutoka juu hadi chini. Penseli hufuata kila kilima na kila bonde la ukuta ule na kuvichora kwenye ubao. Baada ya hapo ni msumeno, randa, msasa. Hujaribu, hutoa, hukwangua kiasi cha unywele, hujaribu tena. Akiridhika, huchukua karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita na kujaribu kuipenyeza kati ya ubao na ukuta. Ikipita, anaanza upya. Ameshawahi kuanza upya mara sita kwa kabati la viatu.

Halafu mwenye nyumba huingia, hutazama ubao na ukuta vilivyoshikana kama vilizaliwa pamoja, na kusema maneno yaleyale wanayoyasema wote.

"Aisee! Huu ukuta umenyooka!"

Gonia huitikia, "Ndiyo, umenyooka," na kukusanya vifaa vyake.

Jambo hili lingevumilika kama kuta zingekuwa za mtu asiyemjua. Lakini nusu ya nyumba za upande wetu wa mji zimejengwa na mdogo wake wa tumbo moja, mwashi ambaye watu walimpa jina la Nyoosha. Nyoosha ni mchangamfu. Hupiga mluzi akiwa juu ya jukwaa, hukumbuka watoto wa wateja wanasoma darasa la ngapi, na huazima watu ngazi yake bila kuuliza itarudi lini. Ubaya wake mkubwa ni kwamba hana ubaya. Ukitaka kumchukia mtu wa namna hiyo, inabidi kazi yote uifanye mwenyewe, na Gonia aliifanya, bila kukosa siku.

Mzizi wa shauri ulikuwa pimamaji, kile kipimo cha kujua kama kitu kimekaa sawa au kimelala. Baba yao alikuwa mwashi, na pimamaji yake ilikuwa ya zamani, ya mbao nzito, yenye shaba kwenye ncha zote mbili na kiputo kinachoelea ndani ya kioo cha rangi ya chai. Baba alipoona siku zake zimekwisha, aliwaita wanawe wawili kitandani, akaichukua pimamaji ile iliyokuwa imeegeshwa ukutani, akampa Nyoosha. Kwa Gonia, mtoto wake wa kwanza, alisema, "Wewe na mbao zako mtajuana." Gonia alisema ni sawa. Amekuwa akisema ni sawa kwa miaka kumi na minane.

Na baada ya baba, kulikuwa na mama. Kila alipoingia nyumba iliyojengwa na Nyoosha, mama alikuwa akipitisha kiganja ukutani polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake, na kusema, "Mkono wa baba yenu huu." Hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa aliyokuwa nayo, hakuwa na nyingine ya akiba. Kwa makabati ya Gonia alikuwa na maneno mengine. Alifungua mlango mmoja, akaufunga, na kusema, "Imependeza. Ni mbao gani?"

Gonia alimwambia ni mbao gani. Kila mara. Alichokuwa akikitaka duniani hakikuwa kikubwa. Alitaka mama apitishe kiganja kwenye kazi yake, mara moja tu, na aseme yale maneno matano.

Ikatokea dada yao, aliye katikati yao kwa umri na muuguzi kwa kazi, akajenga nyumba. Mama angehamia kwake. Kuta ni za Nyoosha, bila shaka, na jiko akapewa Gonia. Chumba cha mama kilikuwa bado ni msingi tu upande wa nyuma, lakini jiko lilikuwa linakaribia kwisha, na dada akasema neno ambalo yeye aliliona la upendo.

"Nataka mama akiingia jikoni aone kazi za wanawe wote wawili mahali pamoja."

Gonia alilisikia kama mwanafunzi anavyosikia kwamba mtihani ni Jumatatu.

Alichagua mbao moja moja. Droo alizitengeneza mpaka zikawa zinafunga kwa pumzi. Siku aliyosimamisha kabati refu la pembeni, lile la kutoka sakafuni hadi karibu na dari, alilipima kwa pimamaji yake mwenyewe, ya plastiki ya njano, ya dukani. Likawa wima kama mshumaa. Akalisogeza ukutani. Chini liligusa. Katikati palionekana mwanga. Juu, kidole chake kizima kiliingia kati ya kabati na ukuta, kikatoka, kikaingia tena.

Ukuta ulikuwa umelala kwa nje, kama kuta zote za Nyoosha. Gonia alikuwa na kijiti mkononi, na penseli imeshafungwa. Kazi ya saa mbili: kubandika kipande cha ubao, kuchora, kukata, kuficha. Alisimama hapo kwa muda ambao mtu angeweza kuchemsha chai na kuinywa. Kisha akavirudisha kijiti na penseli mfukoni.

Mkewe ni mshonaji. Alimsikiliza mchana ule akiwa na pini mdomoni, akizitoa moja moja.

"Kwa hiyo utauacha mwanya hivyohivyo."

"Nitauacha."

"Ili mama aone."

"Ili ukuta ujisemee wenyewe. Mimi nimechoka kuwa mkalimani wake."

Mkewe alitoa pini ya mwisho. "Mimi mteja akija bega moja liko chini, nashona gauni lifuate bega. Sijawahi kushona gauni lililonyooka ili watu walitambue bega lake."

"Hilo bega halikujengwa na mdogo wako."

"Haya, baba," alisema mkewe, na kurudi kwenye cherehani. "Lakini nikuulize kitu. Watu wakiona mwanya, wataanza kumtazama aliyefika wa kwanza au aliyefika wa mwisho?"

Gonia alisema kwamba mambo ya ujenzi ni tofauti na ya nguo.

Mama aliletwa siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Walikuwepo dada na mumewe, ambaye ni mwalimu na mpenda amani, na Nyoosha, aliyekuja amevaa shati safi. Mama alisimama mlangoni mwa jiko, akaweka kiganja ukutani, akatembea nacho hatua tatu.

"Mkono wa baba yenu huu," alisema.

Nyoosha aliinamisha kichwa. Gonia alitazama droo zake.

Mama alifungua droo, akaifunga. Akafungua mlango. Gonia alikuwa ameshaandaa jina la mbao. Lakini mama alikuwa amefika kwenye kabati refu, na alikuwa ametulia. Alitazama juu. Aliinua mkono, akaingiza kidole kwenye ule mwanya, chote, mpaka kwenye pete.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "kabati lako limelala."

Hii ndiyo dakika ambayo Gonia aliifanyia mazoezi kwa wiki nzima.

"Halijalala, mama. Tazama vizuri. Hapo kuna vitu viwili, na kimoja kimelala, ila si kabati."

Dada alimgeukia.

"Kaka, una maana gani?" dada aliuliza.

"Maana yangu ni hiyohiyo."

"Labda ni mwanga," alisema shemeji mwalimu. "Mwanga wa dirishani wakati mwingine hudanganya."

"Shemeji, mama ameingiza kidole. Mwanga hauingii hadi kwenye pete."

Mama hakukasirika. Ingekuwa afadhali. "Ukuta huu umepimwa kwa pimamaji ya baba yako," alisema. "Kabati umelipima kwa hicho kiplastiki chako. Sasa nimwamini nani?"

"Mama, tuache," alisema Nyoosha haraka. "Ni kitu kidogo. Nitaleta plasta kesho niuzibe huo mwanya, hautaonekana."

Gonia angeweza kustahimili kuchekwa. Kusaidiwa na Nyoosha, hapana.

"Usizibe kitu! Ilete hiyo pimamaji. Si iko kwenye gari lako? Ilete tupime mbele ya mama."

"Kaka, haina haja."

"Mbona unaogopa?"

"Siogopi. Nasema tu haina haja."

"Ilete."

Nyoosha alikwenda. Wote walisikia hatua zake uani, kwenda na kurudi, na aliyekuwa makini angegundua kwamba hakuwa anapiga mluzi. Aliileta ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa, kama kawaida. Gonia aliipokea kwa mikono miwili bila kukusudia. Kwa miaka kumi na minane hakuwa ameigusa.

Akaiegesha ukutani, vilevile baba alivyozoea. Kiputo kilielea, kikatulia katikati kabisa.

"Ehee," alisema mama.

Akaiegesha kwenye kabati. Kiputo kikakimbia pembeni na kukaa huko.

"Pole, kaka," alisema dada, na alimaanisha.

Gonia akachukua ile ya njano. Ya njano ilisema kinyume: kabati wima, ukuta umelala. Lakini shahidi mmoja alikuwa wa dukani na mwingine alikuwa marehemu baba yao, na hapakuwa na mtu jikoni mle mwenye shaka ni yupi wa kuaminika.

Akaiweka pimamaji ya baba juu ya meza ya jiko, ile iliyolala juu ya makabati mafupi, apate kufikiri. Kiputo kilikimbilia upande wa dirisha. Na hapo mikono yake ikafanya kitu ambacho kila fundi hufanya dukani kabla ya kununua pimamaji mpya, na ambacho hakuna anayefikiria kuifanyia pimamaji ya baba yake: akaigeuza, ncha iliyokuwa dirishani ikaja mlangoni.

Kiputo kikakimbilia upande wa mlango.

Kiputo hukimbilia upande ulio juu, na meza haiwezi kuwa juu pande zote mbili. Gonia alipitisha kidole gumba chini ya ule ubao mzito. Ncha moja ilikuwa imelika, laini, kiasi cha unene wa kadi, kwa miaka na miaka ya kuburutwa juu ya matofali na saruji. Pengine ilianza kulika hata kabla baba hajaugua. Aliinua macho. Mama alikuwa nyuma yake, dada na mumewe walikuwa wanatazama kabati kwa huruma. Ni Nyoosha peke yake, upande wa pili wa meza, aliyekuwa amekiona kiputo. Naye hakushangaa. Aliangalia viatu vyake.

"Vipi?" mama aliuliza. "Inasemaje?"

Kumwonyesha kulihitaji kuigeuza pimamaji mara moja tu. Mama alikuwa mke wa mwashi kwa miaka arobaini, angeelewa kabla hajamaliza kumweleza. Angeelewa kuhusu ukuta huu, kisha kuhusu kuta nyingine, kisha angeanza kurudi nyuma, nyumba kwa nyumba, hadi ile aliyojengewa alipoolewa. Kiganja chake kilikuwa bado cheupe kwa vumbi la chokaa.

"Inasema kabati limelala, mama," alisema Gonia.

Sababu ya kusema hivyo ameieleza kwa namna nyingi tangu siku ile. Mara husema ilikuwa kwa heshima ya baba, mara kwa ajili ya mama. Kwa mkewe husema kwamba hata angesema kweli wasingemwamini, na mkewe huona hiyo ndiyo yenye uzito.

"Si nilisema," alisema mama, bila kumsuta. "Wewe ufuate tu ukuta wa mwenzako, mwanangu. Na wewe utanyooka."

Wakatoka kwenda kutazama msingi wa chumba chake. Ndugu wawili wakabaki na pimamaji katikati yao.

"Umejua lini?" aliuliza Gonia.

"Mwaka wa pili."

"Mwaka wa pili! Miaka kumi na sita unajenga na unajua?"

"Nikiiacha, mama ataniuliza iko wapi. Nitamjibu nini? Imekufa?" Nyoosha alikuna kidevu. "Halafu nilikuwa nikipita kwa wateja baada ya wewe kumaliza. Naona kila kitu kimekaa. Nikasema basi, kaka yuko nyuma yangu."

"Nilikuwa nyuma yako," alisema Gonia. "Hilo nalijua."

"Unajua nikifika huwa natazama nini? Pale ubao unapokutana na ukuta. Nabeba karatasi mfukoni, nakuwa najaribu kuipitisha. Haipiti. Kila nyumba haipiti. Narudi nyumbani nimenuna, mke wangu ananiuliza nani kaniudhi."

"Umeudhiwa na nini wewe?"

"Wivu tu, kaka," alisema Nyoosha, kama mtu anayetaja mafua.

Gonia hakulipenda jibu hilo hata kidogo. Mdogo wake alikuwa na pimamaji, alikuwa na wateja, alikuwa na sifa za mama. Wivu ulikuwa ndio mali pekee ambayo Gonia alidhani ni yake peke yake.

"Ichukue," Nyoosha alisema, akiisukuma pimamaji upande wa kaka yake.

"Na mama akikuuliza?"

"Nitasema umeninyang'anya. Ataamini."

"Ataamini," Gonia alikubali. "Na wewe kanunue mpya."

"Ya njano?"

"Ya njano. Uigeuze dukani kabla hujailipia."

Nyoosha akaondoka. Kabla hajafika kwenye gari mluzi ulishaanza, mluzi wa mtu aliyetua mzigo, na Gonia akiwa amekumbatia ubao mzito uliolika aliusikia na kuuonea kijicho. Kisha akatoa kijiti na penseli, akakata kipande cha kujazia, akakichora, akakiranda, akakitia msasa, mpaka karatasi ikakataa kupita. Ukuta ukanyooka. Pimamaji aliitundika sebuleni kwake. Mkewe alisema naona imekaa upande. Gonia alisema ni msumari.

Chumba cha mama kilikwisha baada ya miezi mitatu. Gonia alifika na kabati la nguo, ubavu ukiwa umeachwa mpana kama kawaida. Alilisimamisha wima, akalisogeza ukutani, akafunga penseli kwenye kijiti. Aliinama kutafuta pa kuanzia. Hapakuwa na pa kuanzia. Chini liligusa, katikati liligusa, juu liligusa. Akatoa karatasi. Karatasi iligoma. Akatoa gonia mfukoni, akaiweka konani, na ilikaa bila kuacha hata uzi wa mwanga. Kona ya tano.

Alikuwa na hali ya mtu aliyekwenda ugomvini amejipanga maneno yote, akakuta mwenzake ameshaomba radhi. Kilichobaki kilikuwa kuondoa ule upana wa ziada kwa mkato mmoja ulionyooka, ambao mtu yeyote mwenye msumeno angeukata, na kukaza skrubu. Kazi ya siku tatu ilikwisha kabla ya chakula cha mchana.

Mama aliingia akiwa na mto wake kwapani. Nyoosha alisimama mlangoni, saruji imemkaukia viatuni. Mama aliweka kiganja ukutani kwa mazoea, akaanza kutembea nacho. Safari hii hakusema kitu. Kiganja kilifika mwisho wa ukuta, kikapanda juu ya mbao bila kukwama, bila kuruka, kikaendelea. Mama akasimama. Akakirudisha ukutani, akakileta tena kwenye mbao. Akafumba macho, akarudia mara ya tatu.

"Kabati hili kaweka nani?"

"Mimi, mama."

Mama alifumbua macho, akamtazama mwanawe wa kwanza.

"Mkono wa baba yenu huu," alisema.

Gonia alikuwa ameisubiri sentensi hiyo tangu akiwa na nywele kichwani. Alikuwa anajua hata angesimamaje ikifika. Ikafika siku ambayo hakuwa amekwangua hata unywele. Alimtazama mdogo wake. Nyoosha alikuwa ameinua macho kwenye kona ya dari, akiitazama kwa uso ambao Gonia aliutambua mara moja, kwa kuwa ulikuwa wake.

"Asante, mama," alisema Gonia.

Nyoosha alikohoa kidogo. Akaja taratibu hadi kwenye kabati, akafungua mlango mmoja, akaufunga.

"Imependeza, kaka," alisema. "Ni mbao gani?"

Gonia akamwambia ni mbao gani.